Brook Taylor

Brook Taylor (Edmonton, Middlesex, 18 Agosti 1685 – London, mwishoni mwa 1731) alikuwa mwanahisabati wa Uingereza. Anajulikana hasa kwa kanuni inayoitwa kwa jina lake, yaani mfululizo wa Taylor, ambayo inaonyesha jinsi ya kupata thamani ya funksheni mahali pasipojulikana kwa kutumia yale yanayojulikana mahali pa jirani. Sehemu ya kwanza na rahisi zaidi ya kanuni hiyo ndiyo kadirio la mstari, ambalo wanafunzi wa kalkulasi hujifunza hadi leo.

Mbali na hisabati, Taylor alikuwa mwanasheria kwa masomo, mpenzi wa muziki na mchoraji. Aliandika vitabu viwili kuhusu kanuni za kuchora vitu jinsi jicho linavyoviona. Aliishi miaka 46 tu, na umuhimu wa kazi yake kubwa ulitambuliwa zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake.

Familia na utoto

Taylor alizaliwa Edmonton, ambayo siku hizi ni sehemu ya jiji la London. Baba yake aliitwa John Taylor na mama yake Olivia Tempest, binti wa Sir Nicholas Tempest wa Durham. Babu yake, Nathaniel Taylor, alikuwa upande wa Oliver Cromwell wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Uingereza.

Familia ilikuwa na mali. John Taylor alimiliki makazi na mashamba ya Bifrons katika wilaya ya Kent, karibu na mji wa Canterbury. Alikuwa baba mkali aliyetaka kutiiwa nyumbani mwake, lakini pia alipenda sana muziki na uchoraji, na wanamuziki walikaribishwa kwake. Brook alikua katika mazingira hayo, akajifunza kupiga ala na kuchora vizuri. Mchoraji John Closterman aliwachora watoto wa nyumba hiyo pamoja, na picha hiyo inatunzwa London katika Jumba la Taifa la Picha za Watu.

Hakupelekwa shuleni. Alifundishwa nyumbani na walimu binafsi, akapata msingi mzuri wa lugha za kale na hisabati.

Masomo ya Cambridge

Mwanzoni mwa miaka ya 1700 Taylor alijiunga na Chuo cha St John's katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Alisoma sheria, akapata shahada ya kwanza mwaka 1709 na udaktari wa sheria mwaka 1714. Hata hivyo moyo wake ulikuwa kwenye hisabati. Waliomwongoza katika somo hilo walikuwa John Machin na John Keill.

Mwaka 1708, kabla hajapata shahada yoyote, alitatua swali gumu la wakati ule kuhusu mwendo wa vitu vinavyobembea. Swali lilikuwa hili: kitu kizito chenye umbo lolote kikibembea, ni kamba ya urefu gani yenye uzito mdogo mwishoni itakayobembea kwa muda uleule? Hakuchapisha jibu lake mpaka mwaka 1714. Kuchelewa huko kulimletea matatizo, kwa sababu Johann Bernoulli wa Basel, Uswisi, naye alikuwa amechapisha jibu lake, na wawili hao wakagombana kuhusu nani alitangulia.

Katika Royal Society

Mwaka 1712 Taylor alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi kilichopo London. Wakati huo rais wake alikuwa Isaac Newton mwenyewe. Taylor alikuwa na umri wa miaka 26 na alikuwa bado hajachapisha kitu kikubwa; waliomfahamu, kama Machin na Keill, ndio waliojua uwezo wake.

Mwaka huohuo chama kilikuwa na kamati ya kuamua ni nani kati ya Newton na Gottfried Leibniz wa Ujerumani aliyegundua kalkulasi kwanza. Taylor aliongezwa kwenye kamati hiyo siku chache tu kabla haijatoa ripoti yake mnamo Aprili 1712. Ripoti ilimpendelea Newton, ambaye ndiye aliyekuwa nyuma ya maandalizi yake. Siku hizi wanahistoria wanakubali kwamba Newton na Leibniz walifikia kalkulasi kila mmoja kwa njia yake. Ugomvi huo uliwatenga wanahisabati wa Uingereza na wenzao wa bara la Ulaya kwa muda mrefu, na Taylor aliathiriwa nao maisha yake yote ya kisayansi.

Kuanzia Januari 1714 hadi Oktoba 1718 alikuwa mmoja wa makatibu wa Royal Society, pamoja na mwanaastronomia Edmond Halley. Miaka hiyo ndiyo aliyofanya kazi nyingi zaidi. Alichapisha makala katika jarida la chama hicho kuhusu mambo mbalimbali:

- Maji yanavyopanda kati ya vioo viwili vilivyokaribiana. Alionyesha kwamba vioo vikiguswa upande mmoja na kuachana kidogo upande wa pili, ukingo wa maji unachora mchirizi unaokaribia sana hiperbola.
- Nguvu ya sumaku. Alifanya majaribio pamoja na Francis Hauksbee ili kupata kanuni ya nguvu hiyo kupungua kadiri umbali unavyoongezeka, lakini hawakufikia kanuni moja.
- Kipimajoto. Alichanganya maji ya moto na baridi kwa viwango alivyovijua, akachunguza kama kupanuka kwa kiowevu ndani ya kipimajoto kunalingana na kuongezeka kwa joto.
- Waya au uzi uliokazwa, kama wa ala ya muziki. Alikuwa wa kwanza kupata kwa njia ya hisabati uhusiano kati ya idadi ya mitetemo ya uzi na urefu wake, uzito wake na nguvu inayoukaza. Uhusiano huo ulikuwa umejulikana kwa majaribio tu tangu siku za Marin Mersenne wa Ufaransa.

Kazi ya uzi unaotetema ilitegemea wazo lilelile la makadirio. Taylor alichukulia kwamba uzi unasogea kidogo tu kutoka mahali pake pa kutulia. Kwa mwendo mdogo hivyo, mambo yaliyopinda yanaweza kuhesabiwa kana kwamba yamenyooka, na kosa linalobaki ni dogo mno.

Barua ya mwaka 1712

Chanzo cha ugunduzi mkubwa wa Taylor kinajulikana kutokana na barua aliyomwandikia Machin tarehe 26 Julai 1712. Humo alieleza kwamba wazo lilimjia kutokana na maneno ya Machin mwenyewe walipokuwa katika mkahawa wa Child's mjini London. Katika siku hizo wasomi wa London walikutana kwenye mikahawa ya kahawa na kujadiliana kuhusu sayansi.

Machin alikuwa akizungumzia swali la Johannes Kepler. Kepler alikuwa ameonyesha kwamba sayari huzunguka jua katika njia ya duaradufu, na kwamba mwendo wake haulingani kila mahali. Ili kujua sayari iko wapi siku fulani, mtu anapaswa kutatua mlinganyo ambamo pembe inayotafutwa imo pamoja na saini yake. Mlinganyo huo hautatuliwi kwa aljebra ya kawaida. Njia pekee ni kukadiria: kuanza na jibu lililo karibu, kisha kulisahihisha hatua kwa hatua. Machin alitaja mfululizo wa Newton kwa kazi hiyo, na pia njia ya Halley ya kutafuta majawabu ya milinganyo.

Taylor aliona kwamba njia hizo ni matawi ya shina moja. Ikiwa thamani ya funksheni inajulikana mahali fulani, na kasi ya mabadiliko yake inajulikana hapohapo, na pia kasi ya mabadiliko ya kasi hiyo, na kuendelea, basi thamani yake mahali pa jirani inaweza kujengwa kwa kujumlisha.

Kitabu cha mwaka 1715

Mwaka 1715 Taylor alichapisha kwa Kilatini kitabu Methodus Incrementorum Directa et Inversa, yaani njia ya nyongeza, ya moja kwa moja na ya kinyume. Kitabu hicho kilianzisha tawi la hisabati linaloshughulika na tofauti zenye ukubwa maalumu, si zile ndogo zisizo na kikomo za kalkulasi ya kawaida. Tawi hilo linatumika sana siku hizi katika kuhesabu kwa kompyuta.

Taylor alianza na jedwali la thamani zilizopangwa kwa hatua sawa. Alichukua tofauti kati ya thamani moja na inayofuata, kisha tofauti za tofauti hizo, na kuendelea. Kutokana na tofauti hizo alipata kanuni ya kufikia thamani yoyote ya jedwali. Halafu akazifanya hatua ziwe ndogo zaidi na zaidi mpaka zitoweke. Kanuni ya jedwali ikageuka kuwa kanuni ya kalkulasi, ambayo ndiyo mfululizo wa Taylor.

Katika kitabu hichohicho mna pia kanuni ya kukokotoa integrali kwa sehemu na maelezo ya uzi unaotetema.

Kitabu kilikuwa kigumu kusoma. Taylor aliandika kwa ufupi mno, akaruka hatua alizoziona ni rahisi, na alama zake za nukta na vistari ziliwachosha wasomaji. Hata waliomheshimu walilalamika kwamba hawakumwelewa.

Kadirio la mstari

Sehemu ya kwanza ya mfululizo wa Taylor inaandikwa hivi kwa alama za siku hizi:

f(a + h) ≈ f(a) + h · f′(a)

Hapa a ni mahali ambapo thamani inajulikana, h ni umbali mdogo kutoka hapo, na f′(a) ni kasi ya mabadiliko ya funksheni mahali hapo, yaani mteremko wa mchirizi wake. Maana yake ni kwamba karibu na nukta a mchirizi uliopinda unabadilishwa na mstari mnyoofu unaougusa, ambao huitwa tanjenti. Ni kama mtu anayepima kiwanja chake kwa kamba: dunia ni mviringo, lakini kwa eneo dogo anahesabu kana kwamba ni bapa, na hakosei kwa kiasi cha kumdhuru.

Mfano ni kutafuta kipeuo cha pili cha 4.1 bila mashine. Kipeuo cha pili cha 4 kinajulikana kuwa 2. Mteremko wa funksheni ya kipeuo cha pili mahali hapo ni 1 kugawanya kwa mara mbili ya kipeuo, yaani 1/4. Umbali kutoka 4 hadi 4.1 ni 0.1. Basi kadirio ni:

2 + 0.1 × 1/4 = 2.025

Thamani halisi ni takriban 2.02485. Kosa ni kama 0.00015 tu.

Mtu akitaka usahihi zaidi, anaongeza sehemu ya pili ya mfululizo, ambayo inahusu jinsi mteremko wenyewe unavyobadilika. Kwa mfano huu sehemu hiyo ni mraba wa h ukigawanywa kwa 64, nayo inatolewa. Mraba wa 0.1 ni 0.01, na ukigawanywa kwa 64 unapata 0.00015625. Jibu linakuwa 2.02484375, na sasa kosa liko kwenye tarakimu ya sita baada ya nukta.

Sehemu ya pili inaonyesha pia lini kadirio la mstari linafaa na lini linadanganya. Kosa linakua takriban kwa mraba wa umbali. Mtu akitumia njia ileile kutafuta kipeuo cha pili cha 5 kuanzia 4, h ni 1 na kadirio ni 2.25, wakati thamani halisi ni takriban 2.23607. Umbali umeongezeka mara 10, lakini kosa limeongezeka karibu mara 90. Pia alama ya kutoa inaonyesha kwamba kadirio limezidi: mchirizi wa kipeuo cha pili unapinda kuelekea chini, kwa hiyo tanjenti yake iko juu yake daima.

Kutafuta majawabu ya milinganyo

Mwaka 1717 Taylor alichapisha makala kuhusu kuboresha njia za kukadiria majawabu ya milinganyo kwa tarakimu. Hapo alirudia swali lililozungumzwa mkahawani, akaonyesha kwamba njia ya Newton na ya Halley zinafaa hata kwa milinganyo isiyo ya aljebra ya kawaida, kwa mfano yenye logarithimu.

Njia ya Newton ni kadirio la mstari linalotumika tena na tena. Kwa mfano, kipeuo cha pili cha 5 ni jawabu la mlinganyo x² = 5. Kuanzia 2, tanjenti inatoa 2.25, kama ilivyoonekana hapo juu. Mtu asiishie hapo, bali achukue 2.25 kuwa mahali papya pa kuanzia. Mraba wake ni 5.0625, umezidi kwa 0.0625. Ziada hiyo ikigawanywa kwa mteremko wa mahali hapo, ambao ni 4.5, inapatikana takriban 0.01389. Ikitolewa katika 2.25, jibu ni takriban 2.23611, wakati thamani halisi ni 2.23607. Kwa hatua mbili tu tarakimu nne baada ya nukta ziko karibu kukamilika, na hatua ya tatu ingetosha kwa mahitaji mengi ya kawaida.

Njia ya Halley inafanya vivyo hivyo, lakini inatumia pia sehemu ya pili ya mfululizo, kwa hiyo inafika haraka zaidi ingawa kila hatua ina hesabu nyingi zaidi.

Waliomtangulia

Taylor hakuwa wa kwanza kutumia mifululizo ya namna hii. Katika Kerala, kusini mwa Uhindi, Madhava wa Sangamagrama na wafuasi wake walijua mifululizo ya saini na kosaini tangu karne ya 14 na 15. Katika Ulaya James Gregory wa Uskoti alituma mifululizo kadhaa ya aina hiyo katika barua ya mwaka 1671, na inaonekana aliijua kanuni yenyewe, lakini alifariki kijana bila kuichapisha. Newton aliiandika katika karatasi zake za miaka ya 1690 ambazo hazikutoka wakati huo, na Johann Bernoulli alichapisha kanuni inayofanana nayo mwaka 1694.

Taylor ndiye aliyeichapisha kwanza kama kanuni ya jumla inayohusu funksheni kwa ujumla. Bernoulli alidai kwamba amenyang'anywa haki yake. Malumbano yao yaliendelea kwa miaka kadhaa kupitia majarida na barua. Taylor aliwahi kutoa swali gumu la integrali kama changamoto kwa wanahisabati wote wasio Waingereza, na Bernoulli alilijibu.

Kanuni za kuchora

Mwaka uleule wa 1715 Taylor alichapisha kitabu cha Linear Perspective, na mwaka 1719 akatoa kingine kilichoboreshwa juu ya jambo hilohilo. Alieleza kwa hisabati jinsi mchoraji anavyoweza kuonyesha vitu vya pande tatu kwenye karatasi bapa. Mistari inayokwenda sambamba, kama kingo mbili za barabara ndefu, huonekana kukutana kwa mbali. Taylor alifafanua kwa ujumla nukta hiyo ya kukutania, akatumia jina la nukta ya kutowekea, na akaifanya kuwa msingi wa nadharia yake. Alishughulikia pia swali la kinyume: kutokana na picha iliyokwisha kuchorwa, kujua jicho la mchoraji lilikuwa wapi.

Vitabu hivi navyo vilikuwa vifupi na vigumu kwa wachoraji wa kawaida. Waandishi wengine walivieleza upya kwa lugha nyepesi. Mmoja wao alikuwa Joshua Kirby, aliyetoa kitabu chake mwaka 1754 kikiwa na picha maarufu ya William Hogarth inayochekesha kwa makusudi, kwani imejaa makosa ya kila aina ambayo mchoraji asiyejua kanuni hizo anaweza kuyafanya.

Kuacha ukatibu na safari za Ufaransa

Afya ya Taylor haikuwa nzuri. Oktoba 1718 aliacha kazi ya ukatibu, kwa sababu ya ugonjwa na pia kwa kuwa hamu yake ilikuwa imehamia kwingine. Alikuwa amekwenda Ufaransa mara kadhaa, ama kwa ajili ya afya ama kuwatembelea marafiki. Rafiki yake mkubwa huko alikuwa Pierre Rémond de Montmort, mwanahisabati aliyechunguza michezo ya bahati. Waliandikiana barua kuhusu hisabati na kuhusu falsafa ya Nicolas Malebranche. Montmort alikuwa na marafiki pande zote mbili za ugomvi wa Waingereza na watu wa bara, akajaribu kuwa na subira na wote. Alifariki mwaka 1719.

Mwaka huo Taylor alirudi kutoka Aix-la-Chapelle, yaani Aachen, mji wa Ujerumani uliojulikana kwa maji yake ya moto ya kutibia. Tangu hapo alijishughulisha zaidi na masuala ya falsafa na dini. Katika karatasi zake yalikutwa maandishi kuhusu dhabihu za Wayahudi na kuhusu swali la kama ni halali kula damu.

Ndoa na misiba

Mwaka 1721 Taylor alimwoa binti wa ukoo wa Brydges kutoka Wallington, Surrey. Ukoo wake ulikuwa wa heshima lakini hauna mali, na John Taylor aliipinga ndoa hiyo vikali. Brook alioa hata hivyo. Baba na mwana wakavunja uhusiano.

Mwaka 1723 mke huyo alifariki wakati wa kujifungua, na mtoto wao wa kiume naye hakupona. Msiba huo ndio uliowapatanisha Taylor na baba yake. Alirudi kuishi Bifrons, katika nyumba alimokulia.

Mwaka 1725 alioa tena, safari hii kwa ridhaa ya baba yake. Mke wake wa pili alikuwa Sabetta Sawbridge wa Olantigh, Kent. Mwaka 1729 John Taylor alifariki na Brook akarithi Bifrons. Lakini mwaka 1730 Sabetta pia alifariki wakati wa kujifungua. Mtoto, binti aliyeitwa Elizabeth, alipona.

Taylor hakupata nguvu tena baada ya kifo cha mke wake wa pili. Afya yake iliyokuwa dhaifu tangu zamani ilizidi kushuka, akafariki London katika jumba la Somerset mwishoni mwa mwaka 1731, akiwa na umri wa miaka 46. Alizikwa katika uwanja wa kanisa la St Anne, Soho, karibu na kaburi la mke wake wa kwanza. Binti yake alikuwa bado mtoto mchanga.

Baada ya kifo chake

Kwa miaka mingi kanuni ya Taylor ilihesabiwa kuwa moja tu kati ya kanuni nyingi zenye manufaa. Colin Maclaurin wa Uskoti aliitumia katika kitabu chake cha mwaka 1742, hasa pale ambapo nukta ya kuanzia ni sifuri. Mfululizo wa namna hiyo siku hizi huitwa kwa jina la Maclaurin, ingawa yeye mwenyewe alikiri kwamba umetoka kwa Taylor.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1772. Joseph-Louis Lagrange, mzaliwa wa Torino aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alitangaza kwamba kanuni hiyo ndiyo msingi wa kalkulasi yote. Jina la Taylor lililokuwa limefifia likaanza kutajwa kila mahali. Kuanzia miaka ya 1780 waandishi waliiita waziwazi kanuni ya Taylor.

Lagrange aliongeza pia jambo ambalo Taylor hakulishughulikia. Taylor alionyesha jinsi ya kukadiria, lakini hakuonyesha kosa linaweza kuwa kubwa kiasi gani, wala hakuuliza ni wakati gani mfululizo wake unafikia kweli thamani inayotafutwa. Mwaka 1797 Lagrange alitoa kanuni ya baki, inayoweka mpaka wa kosa mtu anaposimama baada ya hatua fulani. Katika miaka ya 1820 Augustin-Louis Cauchy wa Ufaransa alionyesha kwamba kuna funksheni ambazo mfululizo wake wa Taylor hauzifikii kabisa, hata ukiendelea bila mwisho. Tangu hapo kadirio lisilo na mpaka wa kosa halihesabiwi kuwa kamili.

Mwaka 1793 mjukuu wake, Sir William Young, mwana wa Elizabeth, alichapisha maandishi ya falsafa ya babu yake pamoja na maelezo ya maisha yake. Mengi yanayojulikana kuhusu familia ya Taylor yametokana na kitabu hicho.

Urithi

Kadirio la mstari na mfululizo wa Taylor vinatumika katika karibu kila tawi la sayansi na uhandisi. Mwanafizikia anayechunguza pendulo inayobembea kidogo hubadilisha saini ya pembe na pembe yenyewe: kwa pembe ya radiani 0.1, ambayo ni chini kidogo ya nyuzi 6, saini ni takriban 0.09983, na tofauti haifiki mbili katika elfu. Wahandisi hutumia njia hiyo kukadiria jinsi kosa dogo katika kipimo linavyoathiri jibu la mwisho. Programu za kompyuta zinazotatua milinganyo migumu hutegemea njia ya Newton na jamaa zake. Nchini Tanzania wanafunzi wa hisabati ya juu katika kidato cha tano na cha sita hukutana na jina la Taylor pamoja na la Maclaurin.

Kasoko moja ya Mwezi imepewa jina la Taylor kwa heshima yake.